Seva ya Juu, Seva ya Chini

Nilimchukia mwanamume yule tangu aliponyoosha mkono kunisalimia, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa na sababu nzuri. Alikuwa ametoka Kianyaga, upande wa Kirinyaga, suruali imepigwa pasi ikanyooka kama rula, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya chini ya mtu ambaye hana haja ya kuipaza. Mimi nilikuwa nimemtangulia kwa wiki tatu. Nilikuwa nimeshachagua meza, kiti chenye mgongo mzima, na dirisha linalotazama mlima. Aliingia, akaangalia waya zangu zilivyofungwa nyuma ya mashine, akauliza, "Hii ni nani alifunga?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Haya." Hiyo "haya" yake nilikaa nayo kifuani mwaka mzima na zaidi.

Tulikuwa waendeshaji wawili wa kompyuta katika ofisi moja mjini Nyeri, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, na tangu mwanzo tulijua kwamba angebaki mmoja. Mradi wa ng'ambo ulioleta mashine ungetulipa sote kwa muda, kisha ungefunga virago, na muungano uliotuajiri ungeweza kumlipa mtu mmoja tu. Tuliambiwa hivyo waziwazi, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, wiki ile aliyofika. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili niliyemwacha kwa mama yangu Giakanja, na baba wa mtoto alikuwa ameshanipa kisogo. Kazi nyingine ya kompyuta Nyeri haikuwepo. Kulikuwa na kupiga taipu kwa wakili, na hiyo nilikuwa nimeifanya hadi vidole vikakataa. Kwa hiyo mtu asije akaniuliza kwa nini sikuwa na moyo mweupe.

Muungano wenyewe ulikuwa wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wahudumu wetu walizunguka vijijini kwa pikipiki wakipandisha ng'ombe kwa sindano, na kila ng'ombe aliyepandishwa aliandikwa: wa nani, siku gani, mbegu ya dume gani. Ukipoteza hilo, baada ya miaka michache utampandisha mtamba kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na ndama atazaliwa na miguu ya kusikitisha. Zamani rekodi hizo zilikuwa kwenye vitabu vilivyoliwa na panya. Mradi ukaleta kompyuta.

Zilikuja mashine mbili pacha. Zote mbili zilisoma sanduku moja la diski lililokaa katikati yake, na sanduku hilo ndilo lililobeba rekodi zote. Pacha mmoja alifanya kazi, wa pili alikaa macho. Yule wa kwanza akizimia, wa pili anashika palepale, na mtu anayeingiza rekodi hajui kwamba kumetokea lolote. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Mtaalamu wa mradi, mzungu mrefu aliyekunywa chai bila sukari, alicheka.

Alipoieleza kamati ya muungano, hakucheka. Kamati yetu ilikuwa na pande mbili, watu wa Nyeri na watu wa Kirinyaga, na hakuna kitu kilichoingia katika jengo lile bila kugawanywa. Mwenyekiti akiwa wa huku, makamu ni wa kule. Siku ya mkutano chai ikipikwa na mama wa kwetu, mandazi yanatoka kwa mama wa kwao. Hata kalenda za ukutani zilikuwa mbili. Sasa wakaona mashine mbili. Mtaalamu akaeleza, kupitia kwangu, kwamba hizi si mbili, ni kitu kimoja chenye miili miwili. Akaeleza tena. Mwenyekiti, mzee wa kwetu, akaitikia kwa kichwa muda wote, kisha akasema, "Tumeelewa kabisa. Moja yetu, moja yao."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ya kwanza ikawa ya Nyeri, ya pili ya Kirinyaga, kila moja na neno lake la siri, na kila neno la siri likawa na mwendeshaji wake. Mimi nilikuwa na la kwanza. Yeye alikuwa na la pili. Kumwonyesha mwenzako neno lako kulikuwa sawa na kuuza shamba la ukoo.

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililotumaliza. Sanduku la diski likifa, pacha wawili hawana cha kushika. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili jioni mashine iliyokuwa kazini ilitengeneza nakala ya kila kilichoingizwa siku ile na kuituma kwenye mashine nyingine kabisa, seva ya kuhifadhia, iliyokaa mbali na chumba chetu. Na seva za kuhifadhia nazo, kwa sababu sisi ni sisi, zilikuwa mbili. Mtaalamu alitaka iwe moja, chini, kwenye stoo ya zamani ya mawe: baridi, kavu, mlango wa chuma, umeme wa laini yake peke yake. Watu wa Kirinyaga wakakubali upesi, kwa kuwa ofisi ya makamu ilikuwa jirani na stoo. Watu wetu wakaona ujanja. Wakasema rekodi za wafugaji haziwezi kulala stoo kama magunia ya chumvi ya ng'ombe, zitakaa juu, ofisini kwa mwenyekiti, mahali pa heshima. Mradi ukachoka kubishana, ukaleta ya pili. Ya juu ikawekwa juu ya meza pembeni ya kiti cha mwenyekiti, na mwandishi wake akaishonea kitambaa cha krosheti cha rangi ya maziwa, na pindo la maua, kikaifunika mpaka mgongoni inapopumulia.

Kabla ya kuondoka, mtaalamu alituachia karatasi moja. Ilisema: chagueni seva moja ya kuhifadhia, mwandike jina lake katika mashine zote mbili. Chini ya maneno "zote mbili" alikuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu. Ndani ya kila mashine kulikuwa na faili fupi, na ndani ya faili mstari mmoja uliosema nakala iende wapi. Mashine haina akili ya kuuliza mwenzake ameandika nini. Ikishika kazi, inasoma mstari wake yenyewe na kutuma huko.

Mimi kwenye yangu niliandika jina la seva ya juu. Yeye kwenye yake akaandika ya chini. Hatukukubaliana, hatukugombana, hatukusemezana. Umeme wa Nyeri ukifanya michezo yake, kazi ilihama kutoka kwangu kwenda kwake na kurudi, na nakala nazo zikahama: wiki hii juu, wiki ijayo chini. Tulikuwa tunaandika barua moja, kurasa nyingine tunazificha huku, nyingine kule.

Sasa nifike kwenye lililo baya. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kuzima. Jirani yake aliwahi kuunguliwa na duka kwa sababu ya pasi iliyoachwa ikiwaka, na tangu hapo mzee hakuondoka mahali bila kuzungukia soketi zote. Siku za katikati ya wiki mwandishi wake alibaki nyuma, na seva ikawa salama. Ijumaa mwandishi aliwahi kwao, na mzee mwenyewe ndiye aliyefunga, saa kumi kamili, na kila kitu kikazimwa ukutani pamoja na ile seva yenye nguo yake nzuri. Saa kumi na mbili mashine yangu ilituma nakala, ikakuta hakuna mtu. Haikurudia. Jumatatu niliikuta ripoti: haikufika.

Na Ijumaa ilikuwa siku yenyewe. Wahudumu wote, kutoka Tetu hadi milima ya chai ya Kianyaga, walileta fomu zao za wiki nzima siku hiyo, na wasichana wawili wakaziingiza mpaka jioni. Jumatatu hadi Alhamisi tuliingiza marekebisho ya majina na vifo vya ng'ombe. Kwa maneno mengine, nilikuwa nahifadhi makapi kwa uangalifu na kumwaga mahindi.

Nilikwenda juu kumweleza mwenyekiti. Alinisikiliza huku akivua miwani.

"Ati niache mashine ikiwaka kwa ofisi yangu na mimi siko?"

"Ndiyo, mzee. Hiyo moja tu. Inapokea kazi saa kumi na mbili."

"Na ikilipuka?"

"Hailipuki, mzee."

"Hata ile pasi waliambiwa hailipuki." Akavaa miwani. "Hapana. Hakuna kitu itabaki ikiwaka hapa. Wewe panga mambo yako mapema."

Kupanga mapema hakukuwezekana, wasichana walikuwa bado wanaingiza fomu. Dawa ilikuwa moja na nyepesi: kufuta jina la seva ya juu kwenye mashine yangu na kuandika la chini. Mstari mmoja. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kusema mbele ya kamati nzima kwamba seva ya Kirinyaga ndiyo nzuri, na kwamba mtu wa Kianyaga alichagua vizuri na mimi nilichagua vibaya, wakati miezi michache mbele mmoja wetu angemwaga unga. Nikanyamaza. Kila Jumatatu nilisoma "haikufika", nikafunga ripoti, nikaenda kunywa chai.

Yeye alikuwa anaona. Ripoti zilionekana kwenye mashine zote mbili. Kwa kuwa hatukuwa tunaongea, aliniandikia. Niliikuta karatasi juu ya kibodi yangu asubuhi, mwandiko wake wa kulazwa, herufi zote urefu mmoja, mwandiko wa mtu aliyepigwa rula vidoleni akiwa mdogo akashukuru. "Madam, tuchague seva moja. Ya juu inazimwa Ijumaa. Ya chini haizimwi. Naomba tuhamishe nakala zako." Zako! Nikaikunja mara nne nikaitupa kwenye ndoo ya majani ya chai. Ya pili ilikuja baada ya wiki kadhaa, fupi zaidi. Ya tatu ilikuwa na maneno manne: "Madam, Ijumaa zinapotea. Tafadhali." Hiyo nilifutia chai iliyomwagika mezani, naye yupo, ananiona, kisha nikaiweka kwenye ndoo kama kitambaa kilichokwisha kazi. Aliinama kwenye mashine yake, na shingo yake ikakakamaa nyuma, nami nikafurahi. Nilifurahi sana.

Asubuhi ya Jumanne moja ya mvua, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Pacha wote wawili waliwaka vizuri. Sanduku la diski halikuwaka. Lilitoa sauti ya kukwaruza, kisha harufu, kisha kimya. Tuliangaliana, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na nadhani sote tulikuwa na uso mmoja.

Sanduku jipya lililetwa na mradi kwa hisani ya mwisho. Ikabaki kurudisha rekodi kutoka kwenye nakala, na kwa kuwa nakala zilikuwa sehemu mbili, ilibidi tukae meza moja siku mbili tukizipanga kwa tarehe, zangu kutoka juu, zake kutoka chini. Hakunibania hata moja. Alizileta zote, kwa mpangilio, na orodha. Mimi nilimwona kama mtu anayenichimbia kaburi kwa adabu.

Zilipokwisha kupangwa, mashimo yakaonekana yenyewe. Kila Ijumaa ambayo mashine yake ilikuwa kazini ilikuwepo, kamili. Kila Ijumaa ambayo yangu ilikuwa kazini haikuwepo. Zilikuwa kumi na moja. Alichukua penseli akaziandika moja moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila moja akaandika neno "juu". Hakunionyesha kidole. Aliiweka karatasi mfukoni nyuma ya kalamu zake, akaniuliza kama nilitaka tuanze na Januari au Februari. Pale nilijua kwamba karatasi ile ikisomwa kwenye kamati, kazi si yangu tena, na mtoto wangu atanywa uji wa wakili.

Fomu zenyewe za wahudumu zingetuokoa, lakini mwenyekiti alikuwa ameamuru ofisi isafishwe, na fomu zilizokwisha kuingizwa zikauzwa kwa kilo sokoni. Zilikuwa zimeshafungiwa nyama. Kwa hiyo tukatumwa vijijini, mimi na yeye, kwa pikapu ya muungano, kunakili kadi ambazo wahudumu waliwaachia wafugaji kila walipopandisha. Wengi hawakuwa nazo. Huko kwetu Giakanja mama mmoja alitupokea kwenye zizi, maganda ya boga mkononi, mtamba wake akichungulia nyuma yake.

"Kadi gani? Si ninyi muko na kompyuta?"

"Kompyuta iliharibika, maitu," akasema mwenzangu, na sauti yake ikawa laini.

"Ikaharibika. Atiriri, hebu sikia, huyu ng'ombe yangu iko na mimba. Mimba ya nani?"

"Ndio tunatafuta."

"Munatafuta!" Akacheka kwa hasira. "Munakuja kuniuriza mimi! Kwani ni mimi nilimpanda? Huyo kijana wenu alikuja na pikipiki, akatoa kitu kwa mkebe, akaandika kwa karatasi, akaenda. Mimi nilikuwa nashika mkia." Akanigeukia. "Na wewe si ni msichana wa hapo juu? Mama yako anajua hii kazi yenu?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu. Alikaa kwenye jiwe, akamuuliza ng'ombe alipandishwa kabla au baada ya mahindi kupaliliwa, mhudumu alikuwa yupi, mkebe ulikuwa wa rangi gani, akaandika yote kwa mwandiko ule. Alipomaliza, mama alimpa maganda amlishe mtamba, na akamcheka alivyoogopa ulimi wa ng'ombe. Mimi nilisimama langoni na viatu vimejaa tope, nikimchukia kwa kupendwa kijijini kwangu.

Njiani kurudi alisema, akitazama mbele, "Tukirudi tubadilishe hiyo seva yako. Kabla ya kamati. Tutawaambia tulibadilisha pamoja."

Nilisikia vizuri. Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi, nikaigeuza huku na huku nikitafuta mtego ndani yake, na sikuupata. Wakati ule niliupata mara moja. Nikamwambia, "Wewe fanya yako, nitafanya yangu." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kutoka Giakanja hadi mjini.

Siku iliyofuata, kabla ya saa tatu, nilipanda ngazi kwenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia kwamba kamati iliweka seva mahali pa heshima, ofisini kwake, na kwamba mashine ya pili, ile ya Kirinyaga, ilikuwa ikituma nakala chini kwa siri miezi yote. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa "siri". Nilimwambia ndiyo maana rekodi zilikuwa vipande vipande. Mzee alinisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya kitambaa cha krosheti, kama mtu anayetuliza mnyama.

"Na Ijumaa?" akaniuliza. Kumbe alikumbuka.

"Mambo ya Ijumaa yataleta maneno mengi, mzee," nikasema.

Akanyoosha pindo la kitambaa. Tulielewana, yeye na mimi, na sijawahi kuelewana na mtu kwa aibu kama ile.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema ajenda ni moja: nani alipeleka rekodi za wafugaji mahali ambapo kamati haikusema? Akasimama mtu wa Kianyaga kabla hajaitwa, akatoa karatasi yake ya penseli.

"Mzee, kuna orodha hapa ya Ijumaa."

"Leta." Mwenyekiti akaipokea, akaisoma mstari mmoja, labda miwili, akaikunja, akaiweka chini ya glasi yake ya maji. "Hiyo tutaona baadaye. Jibu swali. Mashine yako ilikuwa inatuma wapi?"

"Chini, mzee. Kwa sababu—"

"Chini. Ulimuuliza nani?"

"Niliandikia madam. Barua tatu. Nikamwomba tuchague moja."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza kama nilipata barua hizo. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilitamani ipige kwa nguvu zaidi.

"Sikuona," nikasema.

Alinigeukia. Ningeweza kustahimili hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata maneno ya kumrudishia nilikuwa nayo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia vibaya na anataka kurudiwa.

"Hata moja, madam?"

"Hata moja."

Akakaa.

Nilitegemea upande wao umpiganie, na kama wangempigania labda ningevunjika. Hawakufanya hivyo. Makamu alinong'ona na wenzake, akaomba dakika tano nje, wakarudi na pendekezo: mwendeshaji atakayebaki awe wa Nyeri, na kwa kuwa Nyeri wamepata hapo, mlinzi wa stoo anayestaafu mahali pake pachukuliwe na mtu wa Kirinyaga. Wakapiga kura kwa mikono. Yeye mwenyewe hakuulizwa kitu. Walimbadilisha na mlinzi wa stoo kama wanavyobadilishana mandazi na chai, na mkutano ukafungwa kwa maombi marefu. Karatasi ya penseli ilibaki chini ya glasi, maji yameitengenezea duara, na mwenyekiti akaondoka nayo.

Mwenzangu alinikabidhi kazi siku ya Alhamisi. Nilitaka anitukane. Kwa kweli niliomba moyoni anitukane, ili tuwe tumelingana. Alinionyesha mashine ya pili kuanzia waya wa nyuma hadi faili la mwisho, polepole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa dawa zake. Akaniandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Alipokwisha kufunga kalamu zake mfukoni alisema, "Usiache mpaka wiki ijayo. Kesho ni Ijumaa." Akatoka. Sikumwona tena, wala sikumtafuta.

Ijumaa asubuhi nilifungua mashine zote mbili, mimi peke yangu, kwa mara ya kwanza na maneno yote mawili ya siri. Kwenye ya kwanza nilifuta jina la seva ya juu, nikaandika la seva ya chini. Kwenye ya pili sikugusa kitu. Chai niliyokuwa nimemimina kabla ya kuanza ilikuwa bado inaunguza mdomo nilipomaliza. Ndilo jambo lote alilokuwa akiniomba kwa karatasi tatu.

Saa kumi mwenyekiti alizima soketi zake akashuka ngazi, akaniaga kwa jina la mtoto wangu. Saa kumi na mbili mashine ilituma nakala. Nilikaa kuisubiri ripoti, nikaisoma: imefika, kamili. Nilimchukia jioni ile kuliko siku zote tulizokaa chumba kimoja, kwa kuwa alikuwa sahihi na nilikuwa nimejua tangu Jumatatu ya kwanza. Hakuna mtu wa kamati aliyewahi kuniuliza nakala zinakwenda wapi. Nilifunga ofisi, nikaenda Giakanja, na kazi nilikuwa nayo.